NDIZI IMESHAVALISHWA NA MUNGU



Leo nataka tuzungumze kuhusu takataka. Najua kuna mtu ameshaanza kusukuma kidole aende kwa posti nyingine. Ngoja kidogo, mpendwa, Neno limo ndani.

Fungua Yohana 6. Watu elfu tano wamekula wakashiba, na Bwana anawaagiza wanafunzi waokote vipande vilivyobaki ili kisipotee kitu. Hapo hunishangaza kila nikisoma. Aliyezidisha mikate mitano dakika chache zilizopita, na ambaye angeweza kufanya mingine kesho asubuhi, anajali makombo. Vikajaa vikapu kumi na viwili. Wale mliosoma chuo cha Biblia mnakumbuka kwamba neno la Kigiriki la kikapu hapo ni tofauti na lile la muujiza wa watu elfu nne katika Mathayo 15, ndiyo maana Biblia yetu ya Kiswahili kule inasema makanda. Hilo ni la pembeni tu, lakini nalipenda, kwa sababu linaonyesha kwamba vyombo vilikuwepo palepale nyikani. Hakuna aliyetumwa mjini kununua vya kutumia mara moja na kutupa.

Sasa twende supamaketi. Ingia yoyote kubwa hapa Nyeri mjini, au Nanyuki, uelekee upande wa mboga. Utakuta matango mawili yamelazwa kwenye trei nyeupe ya foamu na kufunikwa plastiki ya kunata. Mahindi mabichi yamevuliwa maganda yaliyotoka nayo shambani, yakavishwa nailoni. Ndizi nazo! Ndizi ambayo Mungu mwenyewe ameivalisha koti la manjano, binadamu ameona haitoshi, akaongeza lingine. Kisha panda matatu uende soko la Karatina. Karoti ni zile zile, viazi ni vile vile, viko kwenye ndoo na debe, na mama anakumiminia ndani ya kiondo chako. Sijawahi kuzika mtu aliyekufa kwa kula karoti isiyovaa.

Wengine mtasema, Pasta, mifuko ya plastiki si ilipigwa marufuku? Ndiyo, tangu tarehe 28 Agosti 2017. Ukipatikana unaitengeneza au unaitumia, faini ni shilingi milioni 2 hadi milioni 4, au kifungo cha hadi miaka 4. Lakini marufuku ile iligusa mifuko ya kubebea. Plastiki ambayo bidhaa hufungwa nayo kiwandani iliachwa, na kwa mkate au nyama mbichi naelewa kabisa. Shida ni hii ya juu ya nyingine: biskuti ndani ya karatasi, ndani ya trei, ndani ya karatasi tena.

Na kumbuka hata hiyo marufuku haikuanguka kutoka mbinguni. Serikali ilijaribu mwaka 2007, ikajaribu tena 2011, haikushika. Kule Nakuru mpiga picha anayeitwa James Wakibia, aliyechoshwa na jaa la Gioto, akaanza kupiga picha za taka na kuandika mtandaoni, mwananchi tu, bila cheo. Watu wengi wakaungana naye, na hatimaye hata waziri wa mazingira wakati huo, Judi Wakhungu, akaunga mkono. Na sisi watu wa Nyeri tuna sababu ya ziada ya kutonyamaza. Wangari Maathai alizaliwa Ihithe, hapa Tetu. Tunamkumbuka kwa miti, na Nobel ya 2004, lakini alipigana pia na mifuko myembamba ya plastiki, akieleza kwamba ikishika maji ya mvua inakuwa makao ya mbu. Mwaka 2005 alienda Japani akarudi na neno lao, mottainai, ambalo wao hulitumia kulalamika kitu kizuri kikipotezwa bure. Nikilisikia nawaza Yohana 6.

Kuna ndugu ameniandikia faraghani kwamba mchungaji ahubiri wokovu, taka aachie kaunti. Ndugu yangu nakupenda, lakini soma Kumbukumbu la Torati 23, mstari wa 12 hadi 14. Mungu anawaagiza Israeli wawe na kijiti cha kufukia uchafu wao nje ya kambi, kwa sababu Yeye hutembea katikati ya kambi. Mungu wa Sinai alijishughulisha na choo! Basi siwezi kuona haya kutaja trei ya foamu.

Hizo trei huenda wapi? Kuna zinazoishia Mto Chania, na Chania huishia Tana, kwa hiyo wa kule Garissa anapokea salamu zetu. Nyingine, na hili nimeliona katika nyumba nyingi ninazotembelea, zinawashia jiko. Mpendwa, nakusihi. Moshi ule ni sumu, na anayeinama juu ya jiko ni mama mwenye mtoto mgongoni.

Halafu unazilipia. Kila kinachofunga bidhaa kimo ndani ya bei. Anayejua hili kuliko mimi ni yule anayenunua maziwa ya shilingi ishirini kwa ATM ya maziwa na kikombe chake: analipia maziwa peke yake.

Nimeacha jambo gumu zaidi mwisho. Dada mmoja wa kanisa letu kazi yake ni kufunga mboga kwenye trei hizo, nyuma ya duka. Aliposikia tunaandika barua alinijia baada ya ibada akaniuliza, "Pasta, mkishinda, mimi na watoto tutakula nini?" Sikumjibu kwa mstari wa Biblia. Mstari haulipi karo. Tuliketi naye na wazee, na barua tukaibadilisha. Sasa inaomba mboga na matunda yauzwe bila kufungwa, na inasema wazi kwamba mboga za kupima zinahitaji mtu wa kuzipima, na kwamba wanaofunga leo ndio wapewe mizani. Meneja hajaahidi lolote. Tunaliombea hilo kwa jina, na ninyi mliombee pia.

Barua itakuwa kwenye meza ya mashemasi Jumapili, ibada zote mbili. Aliye tayari aweke sahihi, asiye tayari hatamkasirisha mtu. Jumatatu wazee wawili na viongozi wa vijana wataipeleka. Ukienda kununua wiki hii, chagua iliyo wazi kama ipo, na kama haipo muulize mhudumu kwa upole kwa nini haipo. Kwa upole, nimesema. Yeye hakuamua, na huenda Jumapili mtaketi benchi moja.

Vijana wengi wameniambia hawana kikapu. Kina mama, najua viondo vyenu vilivyolala juu ya kabati tangu harusi. Njooni navyo Jumapili, hata vya kuazima. Andikeni jina ndani.