Kadi Ilikuwa na Maua, Siku Haikuonekana



Mfungo mosi ukiingia tu, simu zetu hazipumziki. Sisi ni ndugu wawili, tunatengeneza tovuti nyumbani hapa Unguja, na kazi nyingi tunazoletewa siku hizi ni kadi za harusi za mtandaoni. Bibi harusi anatuma kiungo kwa WhatsApp, mgeni anakibonyeza, anaona majina, siku ya nikaha, mahali na sare. Leo tunawasimulia kosa tulilolifanya katika kadi moja, kwa sababu tunajua wengi wenu mko mbioni kutengenezewa za kwenu.

Kadi hiyo tuliipenda wenyewe. Ilifunguka kwa pazia, maua ya asumini na vilua yakiteremka taratibu, kisha saa ikaanza kuhesabu siku zilizobaki, na chini yake ndipo ilipotokea tarehe. Kwenye kompyuta yetu ilipendeza mno. Tukaijaribu kwenye simu zetu mbili, ikapendeza pia. Bibi harusi akaituma kwa jamaa wote.

Baada ya siku tatu akapigiwa simu na bibi yake aliyeko Pemba. Bibi alifunguliwa kadi na kijana wa nyumbani, kwenye simu ndogo ya zamani.

"Mjukuu wangu, kadi nimeiona, ina maua mazuri," akasema. "Lakini siku mbona hamkuniandikia? Au mimi si wa kuja?"

Bibi harusi alitupigia huku analia. Bibi huyo ndiye aliyemlea. Mtu mzima alikuwa amekaa na fundo moyoni, akidhani ameachwa, na sababu ni mapambo yetu.

Zamani kadi tulizichora kwa Photoshop, programu inayokaa ndani ya kompyuta. Ukifanya kazi na programu ya namna hiyo, kila kitu kiko mikononi mwako: kioo ni chako, herufi ni zako, na ukimaliza unampelekea mpiga chapa kitu kilichokamilika. Zikichapwa kadi mia, zote mia zinafanana. Tovuti haiko hivyo. Sisi tunapeleka maelekezo tu. Anayechora ni kivinjari cha mgeni, kiwe Chrome, Safari, Firefox au kingine, na kila kimoja huchora kwa uwezo wake, kwenye kioo alichonacho mgeni na kwa bando lililobaki. Ni kama kumwandikia mtu namna ya kupika pilau: maneno ni yetu, lakini sufuria na moto ni vyake.

Ukurasa wa tovuti una mambo matatu. HTML ni maneno yenyewe. CSS ni mapambo. JavaScript ndiyo inayofanya vitu viende na kubadilika. Tarehe tuliiweka ndani ya JavaScript, ili itokee pazia likishafunguka. Simu ya bibi ilikuwa na kivinjari cha kubana data. Vivinjari vya aina hiyo huuachia seva ya mbali ukurasa iufungue, iubane, kisha iupeleke kwenye simu ukiwa mwepesi. JavaScript huachiwa muda mfupi tu, halafu husimamishwa. Pazia letu lilikuwa bado linafunguka, na tarehe haikupata nafasi. Kivinjari hakikukosea, kinawafaa sana watu wenye bando dogo. Tuliokosea ni sisi.

Na jambo hili si geni. Kivinjari cha kwanza kiliandikwa na Tim Berners-Lee mwaka 1990 huko CERN, Uswisi, na kilifanya kazi kwenye kompyuta za NeXT tu, ambazo ni watu wachache waliokuwa nazo. Aliyewafungulia wengine mlango ni msichana, Nicola Pellow, mwanafunzi wa hisabati kutoka Uingereza aliyekuwa CERN kwa mafunzo ya kazi. Aliandika kivinjari cha maandishi matupu, bila picha, kilichoweza kutumika kwenye kompyuta za aina nyingi. Hakikuwa na urembo wowote, lakini mwenye kompyuta duni aliisoma habari ileile aliyoisoma mwenye NeXT.

Tangu siku ile tunaivisha kadi kama anavyovishwa bibi harusi: kwanza nguo, ndipo dhahabu. Majina, siku, saa na mahali tunayaandika kwa maneno ya kawaida. Mapambo yakikataa kutokea, ujumbe unabaki.

Kuna na jambo la pili, nalo linahusu sitara yenu. Mara nyingi tunaombwa tuweke picha za sherehe ya wanawake, zifungwe kwa neno la siri. Dada zetu, neno la siri lililowekwa ndani ya ukurasa wenyewe ni pazia tu, wala si mlango. Picha huwa zimeshafika kwenye simu ya mgeni, na mwenye ujuzi kidogo huzitoa. Kufuli la kweli huwekwa kwenye seva. Hata hilo halimzuii mgeni uliyemfungulia kuipiga picha skrini yake. Kilichofika kwenye kivinjari cha mtu kimeshakuwa chake. Kwa hiyo picha za namna hiyo sisi hatuziweki; zibaki kwenye albamu yako.

Kabla hujatuma kiungo, mpenzi:

1. Kifungue kwenye simu dhaifu kuliko zote nyumbani kwenu, kwa data wala si kwa Wi-Fi.
2. Hakikisha siku na mahali vinasomeka bila kusubiri kitu chochote kifunguke.
3. Wazee wapigie simu. Kiungo hakitoshi kwa aliyekulea.

Bibi tulimpigia sisi wenyewe, tukamwomba radhi na kumtajia siku. Akacheka, akasema, "Basi nikajua mmenichoka." Alikuja kwa boti, alhamdulillah, akakaa mbele kabisa.

Mwenyezi Mungu azitie baraka harusi zenu na azijaalie nyumba zenu utulivu. Amin.