Mjeda Akivua Gwanda

Jamani, mitumba siyo viatu na jinzi tu. Hata helikopta za mtumba zipo! Chukua Huey ya Marekani, ile iliyobeba askari na majeruhi kule Vietnam mpaka vita ikaisha mwaka 1975. Baadaye nyingi zilivuliwa bunduki, zikapigwa rangi mpya, zikaingia uraiani. Kule California watu wa zimamoto walizitumia miaka kibao. Ndoo inaning'inia chini, maji zaidi ya lita 1,000, mwaa! juu ya msitu unaowaka. Kwa sheria za kwao, mjeda huyo wa chuma haruhusiwi kubeba abiria wa kulipa nauli. Lakini kazi hakunyimwa.

Hapo ndipo roho inaponiuma. Baba yangu mdogo kastaafu jeshini, fundi wa injini aliyebobea. Kila gereji anayobisha hodi jibu ni moja: "Mzee, mjeda kazi yako rungu, kakae getini." Hata spana hawampi wamjaribu.

Wenzetu wameliamini dege la vita lizime moto. Sisi tunamwogopa binadamu kwa gwanda alilokwisha kulirudisha? Mpeni spana, mabosi, halafu sikilizeni injini itakavyonguruma.