Rupia nane za Babati

Aingiaye Babati kwa barabara ya Arusha huipita Makuyuni, Minjingu na mashamba ya mpunga ya Magugu, kisha Mlima Kwaraa humtokea upande wa kushoto. Mbele ya mji liko ziwa lenye viboko. Safari hii hatukwenda kuwatazama. Tuliitwa kushuhudia mgawanyo wa mirathi ya mama mmoja wa Kirangi, Allah amrehemu, aliyeacha mwana mmoja na mabinti wawili.

Nyumba na shamba vilikuwa vimekwisha kugawanywa. Kilichobaki ni kopo la majani ya chai: rupia nane za zama za Wajerumani, riale moja na shilingi chache za simba.

"Rupia ni rahisi, mzee," alisema kijana. "Nne zangu, dada zangu mbili mbili."

Kwa idadi alisema kweli. Kwa thamani, tulimwomba asubiri.

Rupia ile ilipotoka kiwandani ilikuwa na uzito wa gramu 11.66, na katika kila sehemu elfu za madini yake, 917 ni fedha safi. Huo ndio msingi wa bei, na hakuna rupia nzima inayopaswa kuuzwa chini yake. Juu ya msingi huo mkusanyaji hulipia hali ya sarafu. Tulizipanga mkekani, tukaziinamisha kwenye mwanga wa dirishani. Kaisari Wilhelm II amevaa kofia yenye tai, na manyoya ya mbawa za tai huyo ndiyo hulika kwanza, kwa kuwa yameinuka. Katika rupia sita yalikuwa yamelainika kabisa. Ya saba, ya mwaka 1910, kila unyoya ulionekana, pamoja na ile herufi J ya kiwanda cha Hamburg. Ya nane ilikuwa na tundu, kwani marehemu aliivaa shingoni. Kwa mkusanyaji, sarafu iliyotobolewa imeharibika.

Binti mdogo, kwa nia njema, alikuwa amezisugua tatu kwa majivu usiku wa kuamkia siku hiyo. Zilimetameta, lakini mikwaruzo yake haifutiki. Weusi wa miaka, ambao wengi huuona uchafu, ndio mnunuzi mjuzi anaoutafuta.

Riale haikutuchelewesha. Imeandikwa 1780, lakini mwaka huohuo uliendelea kuchapwa juu yake karne mbili baadaye, basi tarehe si ushahidi wa umri. Shilingi za simba, zilizoanza 1921, hazina fedha zaidi ya robo.

Kijana aliuliza juu ya zaka. Nisabu ya fedha ni dirhamu 200, takriban gramu 595. Zingehitajika rupia 56 zisizolika. Kopo lile halikukaribia.

Sokoni sonara mmoja alitaka kuzichukua zote nane, atoe bangili ya fedha iliyo nyepesi kuliko rupia hizo, tofauti akiiita ujira wa ufundi. Tulikataa. Fedha kwa fedha ni uzito kwa uzito, mkono kwa mkono. Mtume (s.a.w.) alimwelekeza yule aliyeleta tende nzuri za Khaibar auze kwanza zile duni kwa dirhamu, kisha kwa dirhamu hizo anunue nzuri. Basi bangili ingesubiri.

Waliafikiana rupia saba na vinginevyo viuzwe kwa shilingi, ile ya 1910 ikitafutiwa mnunuzi wake peke yake, na pesa zigawanywe mafungu manne: mawili ya kijana, moja moja ya dada zake. Binti mkubwa aliomba ile yenye tundu ihesabiwe katika fungu lake kwa bei ya uzito wake. Kaka yake alitaka kumpa bure.

"Ihesabuni," alisema dada, akiipitisha uzi mweusi tunduni.

Kopo tupu alilichukua kijana.