Ufa Katika Muundi

Msomaji, huenda nyumbani kwenu yuko mtoto mdogo ambaye hukabidhiwa wewe shule zifungwapo. Ikiwa ndivyo, habari hii yakuhusu. Mimi ni mwalimu. Nilisomea kazi hii chuoni kwa miaka miwili, na miongoni mwa masomo niliyopewa lilikuwamo la mwili wa binadamu. Mifupa niliijua kwa majina yake, nikaichora ubaoni mara nyingi. Hata hivyo, mwanangu wa kwanza alivunjika mguu mapajani mwangu mwenyewe, nami sikujua.

Ilikuwa Jumamosi moja ya Desemba, mwaka 2021. Siku chache zilikuwa zimepita tangu Nakuru ipewe hati ya kuwa jiji, tarehe 1 ya mwezi huo, na baadhi yetu tulitembea barabarani kama watu waliovaa viatu vipya. Mke wangu alikwenda sokoni. Mimi nikamchukua binti yetu, aliyekuwa na miaka 2 na miezi 3, tukaenda katika bustani yenye michezo ya watoto. Palikuwa na bembea, na karibu nazo mtelezo wa bati, ule ambao mtoto huupanda kwa ngazi nyuma, kisha akashuka mbele ameketi. Binti yangu alipanda, akafika juu, akatazama chini, akaogopa. Watoto wakubwa nyuma yake walianza kunung'unika. Nikamwonea huruma, na nikaona haya pia. Sijui kipi kilitangulia. Nikapanda, nikampakata, nikamwambia, "Tushuke pamoja, mama."

Tukashuka. Katikati ya njia soli ya kiatu chake, iliyokuwa ya mpira, ilinata ukingoni. Nilisikia mlio mmoja mfupi, kama wa mtoto aliyeshtuka. Tulipofika chini nilimsimamisha, akakataa kukanyaga. Nikautazama mguu: hapakuwa na damu, wala uvimbe, wala kupinda. Nikambeba, nikajiambia kwamba amechoka.

Usiku ule hakukanyaga hata mara moja. Alitambaa, jambo aliloliacha zaidi ya mwaka mzima. Bibi mmoja jirani yetu, mtu wa nia njema kabisa, alikuja na mafuta ya moto tayari kuukanda mguu. Mke wangu akamshukuru, akakataa. Baadaye nilijua kwamba alifanya vyema, maana mfupa uliopasuka haukandwi. Kisha akaniuliza mtoto alipatwa na nini.

"Alianguka," nikasema.

Nataka ulitazame neno hilo pamoja nami. Lilikuwa fupi, na watoto huanguka kila siku, hivyo hapana mtu ambaye angelitilia shaka. Lilimweka mtoto peke yake juu ya mtelezo, likaniweka mimi mbali. Nami sikulitunga kwa ujanja. Lilitoka lenyewe, kama mkono unavyoinuka kuukinga uso.

Asubuhi tulikwenda hospitalini. Siku zile watu walikuwa wangali wakivaa barakoa kwa ajili ya korona, kwa hiyo uso wa daktari sikuuona ila macho. Aliuliza mtoto aliumiaje. Nikalirudia neno langu. Binti yangu, aliyekuwa mapajani mwa mama yake, akasema, "Na Baba."

Daktari alimtazama mtoto, kisha akanitazama mimi. "Mlikuwa wapi, Mwalimu?" akauliza kwa upole. Nikamweleza yote, huku mke wangu akisikia kwa mara ya kwanza.

Mguu ukapigwa picha. Tangu Mjerumani Wilhelm Conrad Röntgen alipoigundua miali hiyo mwaka 1895, watu wamezoea kudhani kwamba hapana mfupa uwezao kuificha siri yake. Picha yetu haikuonyesha kitu. Muundi ulikuwa mweupe na mzima kama ule niliouchora ubaoni. Lakini daktari hakuturudisha nyumbani na dawa ya maumivu, kwani sasa habari kamili alikuwa nayo. Alisema kwamba ufa wa namna hii huwapata watoto wanaoanza kutembea hadi umri wa miaka 3 hivi, na mara nyingi picha ya kwanza hauonekani. Mtoto ashukapo peke yake kiatu kikanata, mwili wake mwepesi aghalabu husimama naye akajinasua. Akiwa amepakatwa, mwenye kumpakata hasimami. Kilo zangu 76 zilikuwa zikienda chini, mguu wake umebaki nyuma, na mfupa ukasokotwa kama nguo inayokamuliwa.

Mguu ulifungwa plasta. Baada ya siku 10 tulirudi, ukapigwa picha ya pili, na daktari akatuonyesha kwa ncha ya kalamu utando mwembamba kandokando ya muundi, kama ukungu wa asubuhi juu ya ziwa letu. Ulikuwa mfupa mpya, unaojijenga juu ya ufa. Mwaka ule ule nilikuwa nimewafundisha wanafunzi wangu methali ya ufa na ukuta, na nilijiona naifahamu.

Lakini nimeruka jambo. Siku ile ya kwanza, tulipokuwa katika matatu tukirudi, mke wangu alinyamaza mpaka tukakaribia kushuka. Ndipo aliposema, bila kupaza sauti, "Kuteleza nimekusamehe. Lakini ulitaka daktari atibu mguu gani?" Sikuwa na jibu. Sinalo hata leo.

Wiki zile tulimwogesha mtoto mguu umefungwa mfuko wa plastiki na kuinuliwa juu, naye akajifunza kuiburura plasta sakafuni, tukawa twamsikia kabla ya kumwona. Kila mgeni aliyeuliza alijibiwa na yeye mwenyewe: "Na Baba." Sikumkataza. Plasta ilitolewa Januari, shule zikiwa zimefunguliwa. Akachechemea siku kadhaa, akasahau.

Mwezi wa Februari alitaka kurudi bustanini. Mama yake alisimama penye ngazi, mimi chini. Alipanda, akaketi, akashika kingo kwa mikono yote miwili, akatazama chini kwa muda mrefu. Watoto walingoja nyuma yake. Nilipoinua mguu kukanyaga mtelezo, alinyosha kidole.

"Baba," akasema, "kaa huko."