Mbwa Wetu na Ubao wa Mtumbwi

Askari alishuka kutoka milima ya Fizi ndani ya kikapu, nyuma ya pikipiki, akiwa wa miezi miwili tu. Aliyetupa ni mjomba wetu, mwindaji, naye alidhani kwamba huku Baraka tutamfunga mlangoni alinde mbuzi. Mbwa wa mjomba huvaa kengele ya mti shingoni, kwa maana mbwa wa kale wa misitu ya Kongo hawabweki kama wengine, na pasipo kengele mwindaji hajui wamepotelea wapi. Mbwa wa ukoo huo hawezi kukaa bure. Alipotimiza mwaka alikuwa amekwisha kutafuna kamba tatu na kiatu cha jirani.

Ndipo binti yetu alipotuletea habari ya mchezo ulioonyeshwa kwanza London mwaka 1978, katika maonyesho ya mbwa yaitwayo Crufts. Waliuiga kutoka mashindano ya farasi. Mbwa huruka vizuizi, hupenya pango, hupinda kati ya fito, naye bwana wake hukimbia kando akimwongoza kwa sauti na mkono, bila kumgusa.

«Baba, vyombo vyote hivyo tunavyo uani,» akasema.

Kweli tulikuwa navyo. Mwanzi tuliulaza juu ya matofali, chini ya kimo cha goti, bila kuufunga, ili akiugonga uanguke asiumie. Fito 6 tulizichomeka ardhini, kila moja sentimeta 60 kutoka mwenzake. Shitingi tuliyopewa tuliporudi kutoka kambi za Tanzania mwaka 2008, ambayo ilikuwa paa letu miezi mingi, tuliitandika juu ya matao ya mianzi ikawa pango. Fundi wa mitumbwi alitupa ubao mkuukuu, tukauweka juu ya magogo mawili. Ujira wa Askari ulikuwa ndagala mmoja mkavu kwa kila tendo, asubuhi kabla ya jua kali. Majirani walituuliza mbwa wetu yuko darasa la ngapi.

Mwanzi aliujua kwa siku moja, fito kwa majuma matatu. Ubao ndio uliotushinda. Ulitikisika, na kosa lilikuwa letu, maana magogo hatukuyachimbia. Askari akapanda, akateleza. Tukampandisha tena, akaruka chini. Majirani wakacheka. Hapo tukaokota ufito, tukampiga.

Hakulia. Alikwenda kulala chini ya mtumbwi wa jirani hata usiku. Binti hakutusemesha mpaka wakati wa chakula.

«Baba, ulimpiga kwa sababu ya ubao, au kwa sababu ya watu waliocheka?»

Hatukumjibu.

Kesho yake tuliyachimbia magogo, na ubao tukaushusha ukawa kimo cha tofali moja. Askari hakuukaribia, wala hakulikaribia pango alilolipenda. Siku ya nne tulipiga magoti tukaingia wenyewe ndani ya shitingi, ndagala mkononi, na kwa umri wetu si safari ya haraka. Tulipotokeza kichwa upande wa pili, pua yake ilikuwa kwenye kisigino chetu.

Sasa ubao huuvuka. Binti akimwongoza, hupita mbio. Tukimwongoza sisi, husimama kwanza, akautazama mkono wetu wa kuume, kisha hupanda.