Ukienda Ziwani, Weka Akiba ya Jua

Ukisimama ufuoni Mbita, katika Kaunti ya Homa Bay, usiku usio na mbalamwezi, utadhani kuna mji mwingine katikati ya Ziwa Victoria. Taa hizo ni za wavuvi wa omena. Mwangaza huvuta wadudu na omena, kisha nyavu zikafanya kazi. Kwa miaka mingi wavuvi walitegemea karabai za mafuta ya taa. Mnamo 2008 kampuni ya Osram ya Ujerumani ilifungua kituo papa hapa Mbita, ambapo wavuvi walikodi taa za betri zilizochajiwa kwa nguvu za jua.

Nimeanza na wavuvi kwa sababu ndio walionifunza jambo nililopaswa kulijua kabla ya kutoka Nairobi.

Tulikuwa watu watano katika matatu kuukuu tuliyoigeuza kuwa gari la kulala: mimi, mwenzangu, watoto wawili na mama yangu. Mama ana ugonjwa wa kisukari, na chupa zake za akiba za insulini zilihitaji friji. Juu ya gari tulifunga paneli moja ya sola ya wati 100. Chini ya kiti kulikuwa na betri ya asidi ya volti 12. Tuliamini kuwa karibu na ikweta jua haliwezi kutupungukia.

Kutoka mjini Migori tulifika Thimlich Ohinga, umbali wa kilomita 46 hivi. Kuta zake za mawe zimesimama kwa karne kadhaa bila saruji wala udongo wa kuyashikanisha, na mwaka 2018 UNESCO iliziingiza katika orodha ya turathi za dunia. Watoto walizishangaa kutwa, kisha jioni wakatazama filamu hadi wakasinzia.

Kesho yake tuliingia Mbuga ya Taifa ya Ruma, katika Bonde la Lambwe, makao ya mwisho ya korongo nchini Kenya. Korongo ni swala mkubwa mwenye uso wa madoa meusi na meupe. Jua lilikuwa kali, na kwa kuogopa mbung'o tulifunga madirisha. Ndipo nikafanya kosa: niliegesha gari chini ya mti, tupate kupumua. Alasiri mawingu yalitanda, kama yafanyavyo mara nyingi kandokando ya ziwa. Alfajiri friji ilikuwa imezima na chupa za mama zina joto.

Hatukuuona tena uzuri wa mbuga. Tulikimbia hadi Mbita, mchuuzi wa samaki akatuuzia barafu. Chupa tulizifunga kwa taulo kwanza, maana insulini ikiganda haifai tena.

Jioni, mvuvi mmoja mzee alisikia kisa chetu akacheka kidogo. Alimweleza mama kwamba yeye akichukua taa haulizi inang'aa kiasi gani. Huuliza kama itafika alfajiri.

Basi chukua kalamu, msomaji, upige hesabu hiyo ukiwa nyumbani. Friji ndogo ya wati 45 ikifanya kazi jumla ya saa 10 kwa siku, inakula 450. Taa mbili za wati 5 kwa saa nne ni 40. Simu nne ni kama 60. Jumla ni 550. Paneli ya wati 100 ikipata saa tano za jua kali hutoa 500, na baada ya upotevu njiani zinabaki kama 400. Tulikuwa na deni hata kabla ya kivuli! Paneli ya wati 200 ingetutosha.

Betri nayo ni mtungi. Ya volti 12 na ampea-saa 100 hubeba 1,200, lakini ya asidi usiitumie kupita nusu, la sivyo itakufa mapema. Ya lithiamu ni ghali, ila hukuruhusu kutumia zaidi ya robo tatu.

Kivuli cha tawi moja kwenye pembe ya paneli hupunguza umeme sana. Kwa hiyo egesha gari kivulini, lakini beba paneli ya pili yenye waya mrefu na mnene uiweke juani. Unganisha betri na injini ili ichajiwe mkiwa njiani. Betri ya asidi ipitishiwe hewa, kwani hutoa gesi inayoweza kulipuka. Na vuna umeme asubuhi, kabla ya mawingu ya alasiri.

Usiku wetu wa mwisho tulilala kisiwani Rusinga, alikozikwa Tom Mboya, aliyeuawa mwaka 1969. Watoto waliomba filamu. Mama aliwaonyesha taa za ziwani, akawaambia sinema ni ile. Friji ilinguruma hadi kukapambazuka.

Akiba haiozi. Safari njema!