Guta Linavyoundwa Gerezani

Gerezani, hatua chache kutoka pilikapilika za Kariakoo, huna haja ya kuuliza mafundi wa vyuma wako wapi. Masikio yatakupeleka. Nyundo zinagonga, grenda zinapiga kelele, na cheche za kuchomelea zinarukia njia bila kujali nani anapita. Chini ya turubai nilimkuta fundi wa makamo amechuchumaa mbele ya baiskeli mbili chakavu, anazikagua kiungo kwa kiungo.

Moja Phoenix ya Kichina. Nyingine Swala, zile zilizoundwa hapahapa Dar es Salaam na kiwanda cha NABICO, imepata kutu hadi kwenye kengele. Ukiniuliza mimi, ningesema Swala ndiyo ya kutupwa. Yeye akaigonga fremu kwa spana, akasikiliza mlio, akatikisa kichwa kukubali. Fremu itakuwa ya Swala.

Guta ni baiskeli ya mizigo ya magurudumu matatu, na mbele yake hubaki baiskeli kama ilivyo: usukani, uma, tandiko, pedali. Nyuma ya tandiko ndipo msumeno unapopita, na pale palipokuwa na gurudumu moja panakuja mawili, na juu yake kitanda cha vyuma vya pembe. Magurudumu hayo mawili fundi huyatoa nyuma ya baiskeli zote mbili, hataki kusikia ya mbele. Baiskeli nyingi za muundo ule wa Raleigh zina spoku 32 mbele na 40 nyuma, na guta linazihitaji zote 40. Baiskeli ikikata kona hulala. Guta halilali, kwa hiyo uzito wote wa mzigo husukuma gurudumu kiubavu. Habu za kiwandani nazo hazifai. Zinapisha habu nene zilizokerezwa kwa jirani mwenye mashine.

Gurudumu la kulia linafungwa kwenye ekseli ili lizunguke nayo. La kushoto linaachwa lizunguke lenyewe. Yakifungwa yote, guta halitakata kona bila kuburuza tairi, maana gurudumu la nje hutembea njia ndefu kuliko la ndani.

Kazi iliyonivutia zaidi ni ya mnyororo. Ekseli imerudi nyuma, mnyororo mmoja haufiki, lazima uunge miwili. Fundi aliitandaza minyororo kadhaa kwenye ubao, akapima pingili kwa pingili mpaka akapata miwili iliyolegea sawasawa. Ukiunga mpya na wa zamani, alisema, meno ya sproketi yatalika kabla ya mwezi. Kisha akaweka kiungo juu ya nati kubwa, akaigonga pini kwa nyundo ndogo, pigo moja, akageuza, pigo jingine.

Mteja, kijana anayeuza maji mitaani, alikuwa amekaa juu ya dumu akisubiri. Anataka kubeba madumu 15. Dumu la lita 20 ni kilo 20 za maji, kwa hiyo hapo ni kilo 300, dereva bado hajapanda. Na mzigo huo utapita barabara ambayo mabasi ya mwendokasi yamejengewa njia yao, wenye magari wana yao, na mwenye guta anapigiwa honi kila anakopita. Sokoni wote wanamtegemea. Barabarani hana pake.

Ubishi ulizuka kwenye breki. Breki ya mbele peke yake haitoshi kusimamisha kilo 300, na fundi alitaka kuweka nyingine ya kukanyaga kwa mguu, kipande cha tairi la gari kibanwe kwenye gurudumu la nyuma.

"Mzee wangu, hiyo nitaweka nikishapata hela."

"Basi na guta utalichukua ukishapata hela."

Kijana akacheka, akajipapasa mifukoni. Walipatana atoe nusu leo, nyingine amalizie Jumamosi, na fundi akaenda kutafuta tairi la kukata.